Msichana Aliyeibiwa Kando ya Mto Thames

Mwaka 1971 mwizi aliingia kwenye bustani moja nyembamba kando ya Mto Thames, katikati ya London, akaondoka na msichana wa shaba. Kilichobaki ni jiwe alilokuwa amesimamia pamoja na maandishi yake. Jiwe hilo lilikaa peke yake mpaka mwaka 1999, alipowekwa msichana mwingine aliyetengenezwa kwa kumwiga yule wa kwanza. Ndiye ninayemfahamu mimi: mtoto wa kike aliyevaa gauni la kawaida, amenyoosha bakuli mbele kama anayempa maji mgeni aliyetoka safari.

Nilimjua kwa sababu ya kazi. Nilipofika London, kazi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa ofisi upande wa Strand, zamu ya alfajiri, na nikimaliza nilishuka kituo cha treni cha Temple kurudi nyumbani. Bustani iko pale pale, ukitoka tu kituoni. Wenzangu walikaa kwenye mabenchi wakavuta sigara na kupigiana simu na nyumbani, Accra, Bogotá, Kampala. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya kwenye mawe, tabia niliyoitoa kwa baba, ambaye hapiti kaburi wala kibao bila kusimama. Jiwe lile, ambalo ni sehemu ya bomba la maji ya kunywa, linasema kwamba bomba hilo lilitolewa na watoto wa Loyal Temperance Legion, kikosi cha watoto walioapa kutoonja pombe, kwa heshima ya kazi aliyoifanya Lady Henry Somerset katika vita dhidi ya ulevi. Mwaka ni 1897. Aliyemchonga msichana ni George Edward Wade.

Lady Henry? Nilidhani wamekosea. Baadaye nikajifunza kwamba kwa desturi ya makabaila wa Uingereza, mwanamke aliyeolewa na mtoto mdogo wa kiume wa Duke, cheo cha juu kabisa cha makabaila, huitwa kwa jina la mume, mpaka lile la kwanza. Kwa hiyo mwanamke huyu amebeba kwenye jiwe lake jina la mwanamume ambaye, kama tutakavyoona, hakuwa na sababu yoyote ya kumkumbuka kwa wema.

Lakini kabla ya huyo mama, tuanze na maji, kwa sababu bila maji bomba hili halieleweki. Sisi tuliokulia kwenye foleni za ndoo tunaelewa haraka kuliko Waingereza wa leo.

London ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa inakunywa uchafu wake yenyewe. Vyoo vilimwagikia mtoni, na kampuni binafsi za maji zilivuta maji kutoka mto huohuo na kuyauza. Mwaka 1854 kipindupindu kilipiga mtaa wa Broad Street, Soho, kikaua watu 616. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akihesabu waliokufa na kuuliza walikuwa wakichota wapi, mpaka akaishika pampu moja ya mtaani, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukang'olewa. Hadithi hiyo inajulikana. Inayosimuliwa kwa nadra ni ya kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa huohuo. Snow alikwenda kumwona mwenye kiwanda, akaambiwa kwamba wafanyakazi wake zaidi ya 70 walikuwa salama, hakuna aliyekufa. Walikuwa wakipewa bia kazini. Mwenye kiwanda aliamini kwamba hawakugusa maji kabisa, na isitoshe kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mhubiri wa kuacha pombe anayeingia mtaa ule. Utamwambia nini mpakiaji wa mizigo? Aache bia anywe maji? Maji yapi? Jamaa anajua kwa macho yake kwamba waliokunywa maji wamezikwa na waliokunywa bia wako hai. Kuna wahubiri waliopiga kelele tu, na walikuwa wengi. Wachache walikaa chini wakafanya hesabu: mtu mwenye kiu, barabarani, mchana wa jua, mlango wa baa uko wazi kila pembe, na maji safi ya bure hayapo popote. Anayeingia baa si lazima awe mlevi. Ana kiu.

Liverpool walitangulia. Mfanyabiashara Charles Melly alianza kuweka mabomba ya kunywea kule bandarini mwaka 1854. London ilifuata mwaka 1859, wakati Samuel Gurney, mbunge na mtu wa benki, alipoungana na wakili Edward Wakefield kuanzisha chama cha kujenga mabomba ya bure. La kwanza lilifunguliwa tarehe 21 Aprili 1859 kwenye uzio wa kanisa la St Sepulchre, karibu na gereza la Newgate. Chama kilisema watu 7,000 walikuwa wakinywa pale kwa siku. Mwaka 1867 kikaongeza mabirika ya kunywesha farasi na ng'ombe, na bakuli la chini kabisa kwa ajili ya mbwa. Benki ya Gurney ilianguka mwaka 1866 na kuvuta wengi shimoni, naye akiwemo, lakini mabomba yakaendelea kuongezeka.

Bomba lile la kwanza bado lipo. Ni la jiwe, limejengwa ndani ya uzio wa kanisa, na lina vikombe viwili vya chuma vilivyofungwa kwa mnyororo. Juu kuna amri: rudisha kikombe. Nilipoiona nilicheka peke yangu barabarani. Kwetu pwani mtungi wa maji uliwekwa nje ya msikiti au barazani kwa ajili ya mpita njia, na kata yake juu, na aliyekunywa aliirudisha bila kuandikiwa. Ila nisijisifu mno. Bomba la shule yetu lilikuwa na koki ya shaba mpaka siku moja ikaondoka, na lililofuata likawekewa ya plastiki. Mnyororo ule una sababu zake.

Hata ile bustani ya Temple yenyewe ni mtoto wa uchafu wa mto. Kiangazi cha 1858 Thames ilinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa ukumbini, na ndipo fedha za mfereji mkuu wa majitaka zikapatikana kwa haraka ambayo vifo vya maskini havikuwahi kuileta. Mhandisi Joseph Bazalgette alijaza kingo ya mto, akapitisha mfereji chini, na reli pembeni yake. Barabara ya juu ikafunguliwa mwaka 1870, na bustani zikapandwa kwenye ardhi iliyoporwa mtoni. Kwa hiyo msichana wa maji safi anasimama hatua chache tu kutoka bomba kubwa la kinyesi la London. Kwa mtazamo wangu ndipo mahali pake hasa.

Huyo Lady Henry alizaliwa mwaka 1851 akiitwa Isabella Somers-Cocks, binti wa tajiri mwenye cheo. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo kasri la Eastnor, shamba la Reigate na nyumba za kupangisha za mitaa maskini ya London vyote vingemfuata yeye. Mwaka 1872 akaozwa kwa Lord Henry Somerset, mtoto wa Duke wa Beaufort. Wakapata mtoto mmoja wa kiume. Kisha akagundua kwamba mume ana mapenzi na kijana wa kiume. Mke wa tabaka lake alitakiwa ameze na anyamaze, watu waendelee kualikana chakula cha usiku. Yeye akaondoka na mtoto, akaenda mahakamani kudai malezi, na mwaka 1878 akashinda. Mume akahamia Italia.

Na adhabu ikamwangukia nani? Ikamwangukia yeye. Hakufungiwa milango kwa kosa la mume bali kwa kulisema hadharani. Mialiko ikakatika. Wanawake aliokuwa akicheza nao ngoma za kifalme wakageuza nyuso wakimwona. Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo hapa, kila mtaa una dada aliyeambiwa "ungesitiri tu."

Baba alipofariki mwaka 1883 akarithi mali yote, na pamoja na mali akarithi wapangaji. Halafu rafiki yake mmoja, akiwa amelewa, akajiua. Hapo ndipo alipokula kiapo cha kutokunywa, na akaanza kuwaita wapangaji wake wa Eastnor wale kiapo pamoja naye. Mwaka 1890 alichaguliwa rais wa chama cha wanawake wa Uingereza cha kupinga pombe. Mwaka uliofuata alivuka kwenda Marekani, kwenye mkutano wa Boston, akakutana na Frances Willard, kiongozi wa wanawake wa huko, na urafiki wao ukadumu mpaka Willard alipofariki mwaka 1898. Willard alikuwa na kauli mbiu ya kufanya kila kitu: pombe, kura ya wanawake, mishahara, yote katika kapu moja. Wanachama wengi wa Uingereza hawakupenda kapu hilo. Walitaka pombe peke yake. Walizozana miaka, na kusema kweli sehemu hiyo ya maisha yake, kamati na barua za kamati, inachosha kusoma.

Isiyochosha ni Duxhurst. Mwaka 1895 alifungua hapo, karibu na Reigate, kijiji cha nyumba ndogo kwa ajili ya wanawake walevi. Zamani mwanamke aliyelewa barabarani alifungwa wiki mbili, akatoka, akanywa, akarudishwa. Duxhurst alipewa chumba, bustani ya kulima, kuku wa kufuga, kitambaa cha kufuma, na muda mrefu wa kukaa. Aliruhusiwa kuwa na watoto karibu. Wazo lilikuwa kwamba huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hatibiwi kwa kufungiwa.

Mmoja wa walioletwa ni Jane Cakebread. Magazeti yalimfanya kichekesho cha taifa: mwanamke aliyefikishwa mahakamani kwa ulevi zaidi ya mara 200. Lady Henry akamchukua. Haikufaa. Jane alikuwa mkali, mwenye majigambo, hakutulia, na baada ya miezi michache akaondolewa. Mwishowe madaktari wakasema akili yake ina tatizo, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Claybury, akafia huko mwaka 1898. Mtu angeweza kuisoma habari hiyo kama kushindwa kwa Duxhurst. Mimi naona imeshindwa mahakama: mahakimu walimwona mwanamke yule yule mara 200 na hakuna aliyewaza kumwita daktari. Mwaka huohuo wa 1898 bunge lilipitisha sheria ya walevi sugu iliyoruhusu kuwapeleka kwenye nyumba za matibabu badala ya jela.

Msichana wa shaba naye ana ndugu. Wade alimtengeneza kwanza kwa ajili ya Chicago, kwa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893, na huko pia fedha zilitoka kwenye senti za watoto. Sanamu ya Chicago iliishia Lincoln Park, ikaibwa mwaka 1958, na nafasi yake haikujazwa mpaka 2012, walipopata umbo kutoka kwa nakala iliyoko Portland, jimbo la Maine. Wezi wa shaba wa pande mbili za Atlantiki, miaka 13 mbali, wakamchagua mtoto yuleyule. Sijui aliwakosea nini.

Watoto hao wa senti ndio wananipa shida kidogo. Mtoto wa miaka saba anaapa kutokunywa kitu ambacho hajakionja, anachanga, anaimba, na jina lake linaingia kwenye jeshi. Nimelelewa kwenye madhehebu yenye vikosi vya watoto vya namna hiyo, kofia, skafu na kila kitu, na najua furaha yake. Najua pia wangapi kati yetu walikuja kunywa kwa kasi ya mtu anayelipiza. Ila senti zile zilijenga bomba, na bomba halimuulizi mnywaji kama ameapa.

Mwaka 1897, wakati jiwe linawekwa, mwenye jina lake alikuwa kwenye matope. Serikali ilikuwa inatafuta njia ya kupunguza magonjwa ya zinaa kwa wanajeshi wake India, na Lady Henry akaunga mkono mpango wa kuwasajili na kuwapima makahaba. Josephine Butler, aliyepigana maisha yake yote dhidi ya sheria za aina hiyo kule Uingereza kwenyewe, akamshukia, na chama cha Lady Henry kikatikisika. Mwaka 1898 Lady Henry akaondoa kauli yake. Wanaomsifu huruka habari hii. Mimi naona ndiyo inayomweleza vizuri zaidi: kwa mwanamke wa London alikuwa na nyumba ndogo, kuku na muda, kwa mwanamke wa Kihindi alikuwa tayari kukubali rejesta na daktari wa jeshi.

Na hapo ndipo habari inapotufikia sisi. Mwaka 1887 iliundwa London kamati ya kuwalinda "wenyeji" wa makoloni na biashara ya pombe kali, ikiwa na wamisionari na watu wa kupinga pombe. Shinikizo lao lilichangia kuingiza kifungu cha pombe kwenye Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, mkataba uleule wa kukomesha biashara ya watumwa, ambao Zanzibar nayo iliutia saini. Ulichora ukanda wa Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini: mahali ambapo pombe kali za Ulaya hazijafika zizuiwe, na zilipofika zitozwe ushuru.

Kuna hoja ya haki ndani yake. Jini ya Ulaya iliyomwagwa pwani ya Afrika Magharibi ilikuwa balaa kweli. Lakini angalia kilichofuata huku kwetu. Sheria za kikoloni zikawa za rangi: Mzungu anakunywa wiski yake, Mwafrika akikutwa nayo ana kesi. Mgema wa tembo akatafutiwa kibali. Babu yangu alikuwa mpishi kwa bwana shamba mmoja, na alikuwa akisimulia kwamba funguo za stoo ya unga, sukari na nyama alikabidhiwa yeye, ila ufunguo wa kabati la chupa bwana alilala nao. "Aliniamini na watoto wake," babu alisema, "si na soda yenye moto." Marufuku hiyo ilidumu mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nairobi ilikwenda mbele zaidi. Miaka ya 1920 manispaa ilijenga kilabu chake Pumwani, ikawa ndiyo yenye haki ya kuwauzia Waafrika tembo, na faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za wenyeji. Yaani ukitaka huduma, unywe. Mama aliyepika pombe nyumbani kwake akapigwa faini kwa kuuza kile ambacho manispaa inauza. Sasa pima: mtu wa London alijengewa bomba la bure mbele ya baa ili awe na la kuchagua, mtu wa Pumwani akajengewa baa yenyewe, kisha akahubiriwa juu ya ulevi wake. Waliotunga sera hizo walikuwa wa kizazi kilichokulia penye mabomba yale. Walijua dawa, kwa kuwa waliiona ikifanya kazi kwenye mitaa yao. Walichokisafirisha kuja kwetu ni marufuku, bomba likabaki.

Lady Henry aliacha urais wa chama mwaka 1903 na kurudi kwenye Duxhurst yake. Mwaka 1913, wanawake wakiwa bado hawana kura ya bunge, gazeti moja la London liliuliza wasomaji wangependa mwanamke gani awe waziri mkuu wa kwanza. Wakamchagua yeye. Alifariki mwaka 1921.

Vile vikombe vya mnyororo havikuishi sana baada yake. Wataalamu wa afya walikuwa wameshaanza kuvipigia kelele, kwamba mate ya kifua kikuu yanapita mdomo hadi mdomo. Jimbo la Kansas lilivipiga marufuku mwaka 1909, na pole pole dunia ikahamia kwenye bomba la kurusha maji juu, unainama unakunywa. Mabomba mengi ya zamani ya London yakakauka, yakawa mapambo na mahali pa kuegesha baiskeli. Kuanzia 2018 Meya na kampuni ya maji wameweka mengine mapya zaidi ya 100, ila safari hii adui ni chupa ya plastiki.

Bomba la St Sepulchre liling'olewa mwaka 1867 kupisha ujenzi wa daraja la Holborn, na halikurudi mahali pake mpaka 1913. Katikati ya hapo, mwaka 1869, ilifunguliwa baa iitwayo Viaduct Tavern, ng'ambo ya barabara, vioo vya kuchorwa na dari jekundu la fahari. Bomba liliporudi likamkuta jirani ameshazoea mtaa. Nilikwenda hapo na mwenzangu wa Tanga, tuliyekuwa naye kwenye ile zamu ya alfajiri. Yeye hanywi, na hajawahi. Alitaka kuona dari tu. Nikamwambia aombe maji ya bomba, akakataa, akasema watatufukuza, baa gani inatoa maji ya bure.

"Omba, kaka. Ni sheria."

Tangu 2010, baa yenye leseni Uingereza na Wales inatakiwa kumpa mteja maji ya kunywa ya bomba akiomba, bila malipo. Akaenda kaunta, akarudi na glasi mbili zenye barafu, anacheka. Kijana wa kaunta alikuwa amemuuliza kitu kimoja tu: kama anataka na kipande cha limau.